Kisogeza fezi kinaposumbua kwenye antena ya bendi nyingi: dalili, visababishi na namna ya kuvinasa

Malalamiko ya antena za minara ya simu huja kwa maneno yaleyale: mwinamo wa mwali umegoma, VSWR (kipimo cha mawimbi yanayoakisiwa kurudi kwenye redio) imepanda, kelele imejaa upande wa kupokea, eneo la mbali limekosa mtandao ghafla. Mengi hutupiwa kisogeza fezi, yaani sehemu inayochelewesha mawimbi yanayokwenda kwa kila elementi ili mwali uiname, na mara nyingi kinaonewa. Pale ambapo kosa ni lake kweli, huwa ni la kimakanika zaidi kuliko la kiredio: fimbo imelegea, kibamba kimepinda, skrubu haikukazwa. Mwongozo huu unakwenda dalili kwa dalili, na kila dalili inaanza na kisababishi kinachojirudia zaidi. Umeandikwa kwa mafundi wa mnarani na kwa wanaosanifu antena maabara, hivyo kwanza tunaangalia kisichohitaji kufungua kitu, ndipo tunaingia ndani.

Kanuni moja inatawala yote. Pima tatizo katika nafasi tatu za mwinamo: mdogo kabisa, wa katikati na mkubwa kabisa. Dalili inayobadilika kadiri unavyobadilisha mwinamo inakupeleka kwenye kisogeza fezi au kwenye kitu kinachokivuta. Dalili isiyotikisika katika nafasi zote tatu iko kwingine: kebo ya nje, konekta, dipoli (elementi inayorusha mawimbi), redio. Kipimo hiki kinataka kidhibiti cha mwinamo na kifaa unachopimia tayari, basi. Ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Tukubaliane kuhusu namba kwanza. Elementi za antena zimepangwa wima, na ili mwali uiname chini, kila elementi inacheleweshwa kidogo kuliko iliyo juu yake. Hatua ya fezi kati ya elementi mbili jirani ni

Δφ = 360° × (d/λ) × sin θ

ambapo d ni umbali kati yake, λ ni urefu wa wimbi na θ ni mwinamo. Umbali ukiwa 0.8λ, mwinamo wa digrii 6 unataka hatua ya digrii 30 hivi, na mwinamo wa digrii 10 unataka digrii 50. Kisogeza chenye matokeo (njia za kutolea mawimbi) matano, la katikati likiwa limetulia, kinapaswa kuyapa ya mwisho juu na chini digrii 100 kila moja, kwa ishara tofauti. Ukiziweka namba hizi kichwani utagundua haraka pale kipimo kinapodanganya.

## Usalama, kabla ya spana

Zima redio zote zinazolisha antena hiyo, si ya bendi unayoishughulikia peke yake. Porti ya jirani inaweza kuwa ya mtoa huduma mwingine ambaye hana habari kuwa uko juu. Usifungue konekta yenye nguvu ndani yake. Hata kifaa cha kupimia PIM (kelele inayozaliwa na viungo vibovu vya metali) hutoa mawimbi mawili ya wati 20 kila moja, yanayotosha kuunguza ngozi. Kupanda ni kazi ya mwenye cheti na vifaa vya kuzuia kuanguka. Radi ikianza kusikika, hata kwa mbali, shuka.

Ganda la antena halifunguliwi mnarani. Mpira wa kuzuia maji ukishavunjwa haurudi ulivyokuwa, na unyevu utakaoingia utazaa matatizo mapya kabla ya lile la kwanza kuisha. Kufungua ni kwa benchi, na ni kwa antena ambayo dhamana yake imekwisha au mtengenezaji ameridhia.

## Dalili: mota haiitiki, au inaanza na kukwama

Hii ndiyo inayoripotiwa kila siku. Anza na kebo ya udhibiti. Konekta ya pini nane ya AISG (kiwango cha kudhibiti mota za antena) hukazwa kwa mkono, na wengi huiacha nusu. Ifungue, angalia pini iliyopinda, angalia ukungu wa kijani unaoonyesha maji yaliingia. Pima volti kati ya pini ya 6 na ya 7: iwe kati ya 10 na 30. Ukipata volti nzuri wakati mota imelala lakini zikaporomoka inapoanza kuzunguka, mnyororo wa kebo ni mrefu mno au mota nyingi zinaamshwa kwa pamoja. Sogeza moja moja uone.

Kama mawasiliano ya udhibiti yanapitia kebo kuu ya redio badala ya kebo yake, yanapanda juu ya wimbi la 2.176 MHz pamoja na umeme wa DC. Kichujio chochote, kiunganishi cha bendi au kinga ya radi isiyopitisha DC itakata njia hiyo kimyakimya. Pitia karatasi ya kila kifaa kilicho kati ya redio na antena. Mara nyingi mtu aliongeza kiunganishi cha bendi mpya, akaenda zake, na mwinamo wa bendi ya zamani ukafa siku hiyohiyo.

Kisababishi cha tatu ni kalibresheni. Mota haijui iko wapi mpaka iende hadi kikomo cha kila upande na kuhesabu mizunguko. Umeme ukikatika katikati ya safari, hesabu inapotea na kidhibiti kinatoa ujumbe kuwa nafasi haijulikani. Rudia kalibresheni, lakini kumbuka kuwa wakati inaendelea mwali unasafiri kutoka mwisho hadi mwisho, na wateja walio chini yake watahisi. Fanya usiku.

Likibaki tatizo, ni kukwama kwa kweli. Hapa sikiliza mota na uandike digrii inayosimamia. Ikikwama pale pale kila mara, kuna kizuizi: skrubu iliyotoka, kebo ya ndani iliyoingia njiani mwa fimbo, kibamba kilichopinda. Ikikwama mahali tofauti tofauti, shuku volti au baridi. Grisi isiyofaa huganda na mota ndogo haina nguvu ya kuisukuma. Angalia pia matundu ya chini ya kutolea maji. Antena iliyofungwa kichwa chini, au yenye matundu yaliyozibwa na wadudu, hukusanya maji, na penye baridi kali maji hayo ni barafu inayoshika fimbo.

Acha hapa: kalibresheni ikishindwa mara mbili mahali palepale, usilazimishe ya tatu. Gia nyingi ni za plastiki, na meno yakishakatika, tatizo la kizuizi kimoja limekuwa la kubadilisha antena nzima. Mwite mtengenezaji.

## Dalili: kidhibiti kinasema mwinamo umebadilika, uwanjani hakuna kilichosogea

Kwanza hakikisha umesogeza bendi uliyokusudia. Antena ya bendi nyingi ina mota kadhaa, na katika baadhi ya antena mota moja huchagua kisogeza kipi kishikwe huku nyingine ikisukuma. Jina lililoandikwa kwenye kidhibiti liliandikwa na mtu, na mtu huyo huenda alikuwa amechoka. Linganisha namba ya kifaa iliyo kwenye kibandiko na ile inayoonekana kwenye skrini. Rangi za porti husaidia pia; watengenezaji wengi huweka nyekundu kwa bendi za chini na njano kwa za juu.

Kisha faili la usanidi. Ndilo linaloiambia mota kwamba mizunguko fulani ni digrii fulani. Likiwa la modeli nyingine, mota itatii vizuri na kukupa mwinamo usio sahihi, bila malalamiko hata kidogo.

Antena nyingi zina kijiti chenye mistari ya digrii chini yake. Kiangalie, ila usikiamini kupita kiasi: kinasogea na fimbo iliyo karibu na mota, na hakikuambii kama ncha ya juu ya fimbo hiyo, mita moja na nusu mbali, ilifuata. Klipu ikikatika katikati, kijiti kitasonga na visogeza vya nusu ya juu vitabaki vilipo. Hapo mwali hauwi umegoma. Unapasuka, nguvu inashuka, na miali ya pembeni inavimba. Ukiona mambo hayo matatu kwa pamoja, fimbo imekatika.

Joto ni kisababishi ambacho wasanifu huendelea kukisahau. Fimbo ya plastiki ya POM hutanuka kama mara tano ya alumini iliyo nyuma yake: takriban 110 dhidi ya 23, kwa sehemu milioni kwa kila digrii. Fimbo ya mita 1.5, joto likibadilika kwa digrii 60, itapishana na bamba la nyuma kwa karibu mm 8. Kama kisogeza chako kinatembea mm 60 kutoka digrii 0 hadi 10, mm 8 ni zaidi ya digrii moja ya mwinamo iliyopotea bila mota kuguswa. Fimbo ya nyuzi za kioo hupunguza tofauti hiyo hadi mm 1 na kitu. Na ukiishika fimbo katikati badala ya mwisho, mtanuko unagawanyika pande mbili. Marekebisho haya mawili ni ya bei ndogo kuliko programu yoyote ya kusahihisha joto, na sijaona sababu nzuri ya kuyaacha.

Mwisho ni ulegevu wa gia na viungo. Nenda digrii 5 ukitokea chini, pima; nenda digrii 5 ukitokea juu, pima tena. Tofauti ya matokeo ndiyo ulegevu. Dawa ya haraka ni kuiamuru mota ifike kila nafasi ikitokea upande uleule, hata kama italazimika kupitiliza na kurudi.

Kuna dalili ya kindugu: mwali unapanda angani unapoamuru ushuke. Hiyo si ya kisogeza kuchakaa. Ama kebo za juu na chini zimebadilishana mahali, ama kisogeza kimefungwa kinyume, ama antena nzima iko kichwa chini. Hupatikana sana kwenye antena ya kwanza ya toleo jipya, inayotoka benchi.

## Dalili: VSWR nzuri katika mwinamo mmoja, mbaya katika mwingine

Hapa ndipo usanifu unapoonyesha rangi zake, hivyo tukae kidogo.

Fundi wa mnarani aanze na konekta. Ya 7/16 hukazwa kwa Nm 25 hadi 30, ya 4.3-10 ya skrubu kwa Nm 5, na kwa spana ya kupimia mkazo, si kwa kukadiria mkono. Lakini kumbuka kanuni ya nafasi tatu: konekta mbovu itakuwa mbovu katika mwinamo wowote. Ikiwa VSWR inapanda na kushuka kadiri mwinamo unavyosogea, kazi ya mnarani imekwisha. Andika thamani za nafasi zote tatu na uzipeleke kwa mtengenezaji. Hakuna cha kurekebisha ukiwa juu.

Kwa msanifu, kisababishi cha kwanza ni kingo za kibamba cha dielektriki, yaani plastiki inayoteleza juu ya ukanda wa shaba ili kuchelewesha wimbi. Kibamba kinapofunika ukanda wa shaba, impidansi ya ukanda (ukinzani wake kwa wimbi) inashuka kwa kipeuo cha pili cha epsilon, namba inayoonyesha plastiki inavyochelewesha wimbi kuliko hewa. Chukua plastiki yenye epsilon ya 3 inayojaza nafasi yote: ohm 50 zinakuwa 28.9. Kila ukingo wa kibamba ni mahali pa mwakisiko. Miakisiko ya kingo mbili hujumlishana au kufutana kulingana na urefu uliofunikwa, na urefu huo ndio unaoubadilisha unapoinamisha. Urefu ukifika robo ya wimbi, VSWR inafika 3. Ukifika nusu ya wimbi, inarudi kuwa nzuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana antena moja inaweza kufaulu kwenye digrii 0 na 10 na kufeli vibaya kwenye 4, na ndiyo maana kupima ncha mbili tu hakutoshi.

Dawa ni kuweka kwenye ukingo hatua ya robo wimbi yenye impidansi ya kati, ohm 38 katika mfano wetu, inayotaka epsilon ya takriban 1.73. Haipatikani kwa plastiki nyingine bali kwa kuikata ileile: matundu au meno yanayoacha hewa ya kutosha. Kwa kuwa kingo zinasafiri na kibamba, hatua hiyo lazima iwe kwenye kibamba chenyewe. Kuikata kwenye ukanda wa shaba hakusaidii. Urefu wake ni karibu mm 26 kwa bendi ya 1710 hadi 2690 MHz na mm 69 kwa bendi ya 690 hadi 960 MHz. Kuna wanaochukua kisogeza cha bendi ya juu, wakarefusha kibamba na kuacha hatua za mm 26 zilezile, kisha wakashangaa. Upana wa bendi nao unadai chake: 1710 hadi 2690 ni asilimia 45 ya masafa ya katikati, na hatua moja inabanwa. Weka mbili.

Kama hesabu iko sawa na VSWR bado inacheza, tafuta nafasi ya hewa kati ya kibamba na ukanda. Ganda la chuma likipinda kidogo, kibamba kinaelea, na epsilon inayohisiwa na ukanda si ile uliyoisanifu. Washa hali ya muda kwenye VNA (kifaa cha kupimia miakisiko na fezi), inayoonyesha mwakisiko unatokea wapi, sogeza kibamba polepole, tazama vilele vya mwakisiko: vinavyotembea ni kingo za kibamba, vilivyosimama ni viungo vya lehemu, mapinda ya ukanda na konekta. Sasa bonyeza ganda kwa kijiti cha plastiki, si cha chuma, sentimita chache kwa wakati. Mahali ambapo kilele kinashuka ndipo palipopinda.

Visogeza vya mkono unaozunguka vina ugonjwa wao. Mkono hugusana na tao la shaba kupitia utando mwembamba wa kuhami, na kila kitu kinategemea utando huo kukaa sawasawa. Bodi ikipinda, mkono unainuka unapofika mwisho wa tao. Dalili yake ni VSWR safi katikati na mbaya pande zote mbili za mwisho. Tazama springi au boliti ya katikati kwanza. Bodi yenyewe ni ya mwisho kushukiwa, kwa sababu ni ghali kuibadilisha.

## Dalili: mwinamo si uleule mwanzo na mwisho wa bendi

Mstari unaochelewesha kwa muda halisi hutoa fezi inayokua sambamba na masafa, na fezi inayohitajika nayo inakua sambamba na masafa. Basi mwinamo unabaki palepale. Ukiona unahama, jiulize unahama vipi.

- Kosa lililo sawa katika nafasi zote tatu za mwinamo ni la kebo za ndani. Kwenye 2.6 GHz, kebo yenye plastiki ya PTFE ndani, iliyokosewa mm 1 huleta kosa la digrii 4.5 hivi za fezi. Kosa la digrii 5 kwa kila hatua, elementi zikiwa 0.8λ, husogeza mwali digrii nzima. Makosa ya nasibu hayausogezi sana; yanavimbisha miali ya pembeni.
- Kosa linalokua kadiri mwinamo unavyoongezeka ni la kisogeza: uwiano wa gia, nusu kipenyo cha tao, au plastiki. Epsilon ikitoka 3.0 hadi 3.15 kwa sababu shehena mpya ina kijazo tofauti, mwinamo wa digrii 10 unakuwa 10.6. Pima plastiki ya kila shehena kabla ya kulaumu gia.
- Kosa linalobadilika na masafa tu, hasa kwenye ukingo wa bendi, ni la vichujio au la mwingiliano wa elementi. Tutalirudia chini.

Kwa visogeza vya tao, hesabu ya kukagua ni rahisi: tao la nusu kipenyo cha mm 40, mkono ukizungushwa digrii 30, hutoa mwendo wa mm 21, ambao hewani kwenye 2 GHz ni digrii 50. Upande mmoja unapata nyongeza hiyo na mwingine unapungukiwa kiasi hichohicho. Tao la ndani liwe nusu ya la nje ikiwa unataka hatua sawa za matokeo matano. Kama vipimo vya benchi havilingani na hesabu hii kwa zaidi ya asilimia chache, angalia mchoro kabla ya kuangalia VNA.

## Dalili: miali ya pembeni inavimba unapoinamisha

Kwa mtandao, mwali wa pembeni ulio juu ya mwali mkuu ndio adui. Unamwaga kelele kwenye seli za jirani.

Kisababishi kikuu ni ubahili wa matokeo. Ili kupunguza gharama, elementi mbili hulishwa na tokeo moja, hivyo fezi haipandi kwa ngazi ndogo bali kwa marukio makubwa. Katika mwinamo mdogo haionekani. Kwenye digrii 10, jozi moja na nyingine zinapishana digrii 100 huku ndani ya jozi hakuna tofauti yoyote. Suluhisho la nusu ni kuwapa elementi za ndani ya jozi tofauti isiyobadilika inayolingana na mwinamo wa katikati. Hilo hugawa kosa pande mbili badala ya kulirundika mwisho.

Cha pili ni umbali wa elementi kwenye masafa ya juu. Ili mwali pacha (mwali wa pili wenye nguvu, upande usiotakiwa) usitokee, d iwe ndogo kuliko λ/(1 + sin θ). Kwenye 2690 MHz na mwinamo wa digrii 10 hiyo ni mm 95. Antena nyingi za bendi pana zina elementi zilizoachana zaidi ya hapo ili kupata nguvu kwenye 1710. Ukitumia mm 110, mwali pacha unatokea kama digrii 57 juu ya upeo wa macho. Hakuna kisogeza fezi kitakachouondoa. Punguza kikomo cha mwinamo wa bendi hiyo au sogeza elementi karibu.

Cha tatu ni mgawanyo wa nguvu. Impidansi ikicheza, nguvu inayofika kila tokeo nayo inacheza. Pima ukubwa wa ishara kwenye kila tokeo katika nafasi tatu. Likibadilika kwa zaidi ya nusu dB, rudi kwenye sehemu ya VSWR hapo juu kwanza.

## Dalili: PIM, au kelele upande wa kupokea

Mawimbi mawili yenye nguvu yakikutana kwenye kiungo kibovu cha metali huzaa masafa mapya. Mfano: 935 na 960 MHz huzaa 910, katikati ya njia ya kupokelea ya bendi ya 900. Kiwango kinachotajwa sana kwa antena ni −150 dBc (dB chini ya wimbi lililotumwa) kwa mawimbi mawili ya 43 dBm, yaani wati 20, sawa na −107 dBm, ambayo ni sawa na kelele ya joto ya chaneli ya 5 MHz. Nafasi ya kukosea ni ndogo hivyo.

Kabla ya kupanda, shusha nguvu ya redio kwa 3 dB. Kelele ikishuka mara mbili au tatu zaidi ya hapo kwa dB, ni PIM. Isiposhuka, ni mwingilio wa nje, na antena yako haina hatia.

Sasa ubaguzi wa kanuni ya nafasi tatu. PIM inayobadilika na mwinamo si lazima iwe ya kisogeza, kwa sababu mwali ukishuka unaweza kumulika bati lenye kutu, mnyororo au boliti iliyo mbele. Gonga antena taratibu kwa nyundo ya mpira huku ukipima: kilele kikiruka, kosa liko ndani au kwenye konekta. Kisipotikisika kwa kugongwa lakini kinabadilika kwa mwinamo, tafuta metali iliyo mbele ya antena.

Ndani ya kisogeza, mpangilio wa washukiwa ni huu: kiungo cha lehemu kilichopoa kabla ya kushika, skrubu ya metali iliyolegea karibu na ukanda, utando wa kuhami uliochanika hadi shaba ikagusa shaba, vumbi la metali kutoka kwenye gia, na chuma chenye sumaku mahali palipotakiwa shaba au alumini. Utando uliochanika una alama yake: PIM inaruka wakati mkono unatembea, na inatulia ukisimama. Kwa hiyo pima huku mota ikizunguka. Antena iliyopimwa ikiwa imesimama tu imepimwa nusu.

Acha hapa: PIM ya ndani ya antena haitibiwi mnarani. Safisha na kaza konekta, pima tena, na ikibaki, antena inashuka.

## Dalili: ukisogeza bendi moja, nyingine inabadilika

Kwanza ondoa uwezekano wa kimakanika: fimbo mbili zinazosuguana, au kichagua gia kinachoshika visogeza viwili kwa pamoja. Tazama vijiti vya chini; vikisogea viwili kwa amri moja, umepata jibu.

Pale ambapo bendi mbili zinatumia elementi zilezile, dipleksa (kichujio kinachotenganisha bendi mbili) hukaa kati ya kila elementi na visogeza viwili, kila bendi na chake. Utenganisho wa dipleksa ukiwa hafifu, sehemu ya bendi moja inavuja kwenye kisogeza cha nyingine, inaakisiwa, na kurudi ikiwa na fezi inayotegemea mwinamo usiokuhusu. Kibaya zaidi ni dipleksa zisizofanana: karibu na ukingo wa bendi ucheleweshaji wa kichujio hupanda kwa kasi, na tofauti ndogo ya utengenezaji inakuwa kosa kubwa la fezi. Zipime zote na uzipange kwa makundi yanayofanana kabla ya kuzifunga.

Kisababishi cha tatu hakihusu kisogeza kabisa. Dipoli kubwa ya bendi ya chini ikisimama katikati ya elementi za bendi ya juu inaweza kuitikia kwa ujumla wake na kupotosha mwali wa juu. Lakini upotofu huo upo hata kama kisogeza cha chini hakijaguswa, na kanuni ya nafasi tatu itakuambia hivyo. Dawa ni choki (vizuizi vya mawimbi ya bendi ya juu) kwenye mikono ya dipoli, kazi ya chumba kisicho na mwangwi.

## Dalili: eneo limepungua, VSWR ni nzuri, hakuna alamu

Hii hudanganya wengi, kwa sababu mstari unaopoteza nguvu huonyesha VSWR nzuri. Wimbi linaloakisiwa nalo linapotea njiani. Nusu dB ya upotevu ni asilimia 11 ya nguvu: kwenye redio ya wati 40, wati 4 na zaidi zinageuka joto ndani ya kisanduku cha plastiki. Unyevu uliofyonzwa na bodi ndio wa kushukiwa kwanza, kisha plastiki yenye upotevu mkubwa iliyowekwa badala ya ile iliyoidhinishwa, kisha lehemu mbovu.

Maabara, lisha nguvu kamili kwa saa kadhaa, zima, kisha fungua na upige picha ya joto haraka. Sehemu moja yenye joto kuliko jirani zake ndiyo unayoitafuta. Plastiki ikianza kubadilika rangi au kunuka, kata nguvu papo hapo na usirudie jaribio kwa kisogeza hichohicho. Kinapelekwa kukaguliwa kama kilivyo, bila kusafishwa.